Kupima ukubwa wa vitundu vya utando wa kiini cha seli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kitundu cha kiini kina ukubwa gani hasa?

Anayekutajia namba moja bila kukuuliza "kutoka wapi hadi wapi?" hajakusaidia. Kila kitundu ni mahali ambapo utando wa nje na utando wa ndani wa kiini umepinda, ukakutana na kuungana, ukabakiza tundu la mviringo. Tundu hilo haliko wazi. Limejaa mkusanyiko wa protini ziitwazo nukleoporini, aina kama 30 hivi, kila aina ikijirudia mara nyingi kwa mpangilio wa pande nane. Kwa wanyama wenye uti wa mgongo mkusanyiko mzima una uzito wa megadaltoni 110 hadi 125 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na wa hamira ni kama nusu ya huo.

Kwa hiyo kuna vipenyo vinne tofauti, na vyote huitwa "ukubwa wa kitundu" kwenye maandishi:

- Kipenyo cha mkusanyiko mzima wa protini, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje: karibu nanomita (nm) 120.
- Kipenyo cha tundu la utando wenyewe, pale tando mbili zinapoungana: takriban nm 80 hadi 100.
- Kipenyo cha mfereji wa kati, ndani ya pete ya protini: nm 40 hadi 60 na zaidi kidogo, kutegemea hali ya seli na namna ulivyoitayarisha.
- Kipenyo cha njia inayopitisha molekuli zisizo na kibali chochote, yaani alama ya kuruhusiwa kuingia: takriban nm 5 hadi 9.

Hakuna ugomvi kati ya namba hizi. Ugomvi huanza mtu anapochukua ya tatu akailinganisha na ya pili ya mwenzake.

Mbona vitabu vya zamani vinasema nm 9, vingine 26, vingine 39?

Hizo si picha za kitundu. Ni ukubwa wa vitu vilivyojaribiwa kupita. Mwaka 1975 majaribio ya kudunga dekstrani (minyororo ya sukari yenye ukubwa unaojulikana) kwenye mayai machanga ya chura yalionyesha kwamba njia ya kupenya bila msaada inafanana na mrija wa nm 9 hivi. Baadaye chembe za dhahabu zilizopakwa protini yenye kibali cha kuingia kwenye kiini zilipita zikiwa na upana wa nm 26. Mwaka 2002, kwa kutumia chembe za dhahabu na maganda ya virusi vya homa ya ini aina ya B, kikomo kilisogezwa hadi nm 39. Kisha mwaka 2021 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha ganda la HIV likipita zima kwenye kitundu, na upande wake mpana unafika nm 60 hivi.

Hilo la mwisho lisingewezekana kama mfereji ungekuwa wa nm 40 siku zote, na hapa ndipo penye kiini cha habari nzima. Kitundu hutanuka na kubana. Utando wa kiini ukiwa umevutika ndani ya seli hai, mfereji huwa mpana. Ukikitoa kiini nje ya seli, mvuto unapungua na mfereji unasinyaa. Kwa binadamu, vipimo vya utando uliotengwa vilitoa nm 42 au 43, ilhali ndani ya seli ambayo haijaguswa vinakaribia nm 55 au kuzidi. Kwa hamira ya *Schizosaccharomyces pombe*, seli zikinyimwa nishati au zikitiwa kwenye maji yenye chumvi nyingi, mfereji huporomoka kutoka kama nm 65 hadi chini ya 50. Namba za utando uliotengwa hazikuwa makosa. Zilipima kitu kilichokwisha kubana.

Naweza kutumia hadubini ya kawaida ya mwanga?

Kuona tundu, hapana. Mwanga hautenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nm 200 hivi, kwa hiyo kitundu kizima kinaonekana kama nukta. Unachoweza kupima kwa mwanga ni upenyezaji, yaani molekuli za ukubwa gani zinaingia. Njia hiyo tumeieleza chini, na kwa maabara isiyo na hadubini ya elektroni ndiyo yenye faida zaidi.

Nianze na njia ipi?

Kama una hadubini ya elektroni ya kupenyeza na mtu anayejua kukata vipande vyembamba, anza hapo. Kama unataka kuona uso wa utando, tumia hadubini ya elektroni ya kumulika uso au hadubini ya nguvu ya atomu, inayopapasa uso kwa ncha nyembamba. Kama swali lako ni mfereji una upana gani ndani ya seli hai, hakuna mbadala wa tomografia ya elektroni kwenye barafu (picha nyingi za pembe tofauti zinazounganishwa kuwa umbo la pande tatu), nayo ni ghali.

Vipande vyembamba vinatayarishwaje bila kuharibu kipimo?

Kwa seli za mamalia: glutaraldehaidi (kemikali inayoikaza seli ilivyo) asilimia 2.5 kwenye bafa, yaani maji yanayotunza pH, ya kakodilati au fosfati ya 0.1 M, pH 7.2 hadi 7.4, saa moja, suuza mara tatu, osmiamu tetroksaidi asilimia 1, saa moja, suuza, ondoa maji kwa ethanoli hatua kwa hatua, tia utomvu wa epoksi, kata vipande vya nm 60 hadi 70 kwa kisu cha almasi, tia rangi ya uranili asetati na risasi.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni bafa. Seli za mamalia zimezoea osmolariti (wingi wa chembe zilizoyeyuka majini) ya miliosmoli 300 hivi, za chura chini ya hapo sana. Ukitumia bafa nzito kupita kiasi, seli inanyonywa maji kabla glutaraldehaidi haijaikamata, nawe utapima vitundu vilivyobana ukadhani ndiyo hali yao. Pima osmolariti ya bafa yenyewe kabla ya kuongeza glutaraldehaidi, na uandike namba hiyo daftarini.

Kosa la pili: kutosuuza fosfati vizuri kabla ya uranili asetati. Viwili hivi vikikutana hutoa chembechembe nyeusi, na chembe ikikaa katikati ya tundu inafanana kabisa na "kizibo", yaani donge linaloonekana kama limeziba mfereji. Kama sampuli yako ina vizibo vingi vyenye kingo kali na saizi tofauti tofauti, na vingine viko hata nje ya kiini, hiyo ni takataka ya rangi.

Osmiamu hutoa mvuke unaodhuru macho, kakodilati ina aseniki, uranili ni sumu na ina mionzi kidogo. Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza hewa, na mabaki yasimwagwe kwenye sinki.

Nipime vitundu vilivyokatwa kwa ubavu au vilivyokatwa kwa juu?

Vilivyokatwa kwa juu, yaani pale kisu kilipopita sambamba na utando na vitundu vinaonekana kama pete. Kwa ubavu unaona utando mara mbili ukikatika na kuungana tena, na inavutia kuweka rula kati ya ncha hizo mbili. Tatizo ni kwamba kisu hakijui katikati ya mduara iko wapi. Ukikata mduara ovyo mara nyingi, wastani wa urefu wa mikato ni kipenyo mara π/4, yaani 0.785. Tundu la nm 80 litakupa wastani wa nm 63, na hakuna aliyekosea kupima. Tena kipande chenyewe kina unene wa nm 60 hadi 70, unaokaribia tundu zima, kwa hiyo mikato ya pembeni kabisa hufunikwa na kivuli cha utando nawe hutaihesabu. Ndiyo maana kugawanya tu kwa 0.785 hakurudishi jibu sahihi.

Kama huna budi kutumia ubavu, chagua vile tu ambavyo tando zote mbili zinaonekana kali, zimeungana pande zote mbili za tundu, na useme kwenye ripoti kwamba ulichagua.

Pete zangu si za mviringo, ni yai. Nichukue kipimo kipi?

Kirefu. Mduara ulioinamishwa huonekana kama yai: kipenyo kirefu hubaki kile kile, kifupi hupungua kadiri ya kosaini ya mwinamo. Kwa mwinamo wa nyuzi 20 kifupi ni 0.94 ya kirefu, kwa nyuzi 30 ni 0.87. Wanaochukua wastani wa viwili wanapunguza jibu bila sababu. Tupa pete ambayo kifupi chake kiko chini ya 0.85 ya kirefu, maana hapo hata ukingo wenyewe hauonekani vizuri. Kama yai zote zimelalia upande mmoja kwenye kipande kizima, shuku kisu: kukata hugandamiza utomvu kuelekea upande wa kukatia, na hapo kirefu na kifupi vyote vimeguswa.

Nionyesheni hesabu yote kwa picha moja.

Tuseme mstari wa kipimo kwenye picha unasema nm 200, na kwenye Fiji (programu ya kupima picha) una urefu wa pikseli 412. Pikseli moja ni nm 0.485. Umezungushia pete yai, Fiji imekupa kirefu pikseli 168 na kifupi 151. Kirefu ni nm 81.6, kifupi nm 73.3. Uwiano ni 0.90, sawa na mwinamo wa nyuzi 26 hivi, unakubalika. Kwa hiyo kipimo ghafi ni nm 81.6.

Usiandike bado. Mstari ule umechorwa na programu ya hadubini kwa kuamini ukuzaji uliowekwa, na ukuzaji huo unaweza kukosea kwa asilimia 5 au hata 10. Piga picha fuwele za katalasi (protini ambayo mistari ya fuwele zake ina nafasi zinazojulikana) kwa ukuzaji ule ule, siku ile ile. Mistari yake mipana imeachana kwa nm 8.75, kwa hiyo nafasi 20 ni nm 175. Ukipata 181, mstari wako unakuza kupita kiasi. Zidisha 81.6 kwa 175, gawanya kwa 181: jibu ni nm 78.9. Karibu nm 3 zimeondoka, na hizo zingetosha kuzua "tofauti" kati ya makundi mawili yaliyopigwa picha wiki mbili tofauti.

Ukingo wa tundu ni upi? Utando wenyewe una unene.

Swali zuri, na watu wengi hawaliulizi. Utando mmoja uliotiwa rangi una unene wa nm 7 hadi 8. Mtu anayepima kutoka ukingo wa ndani na yule anayepima kutoka ukingo wa nje watatofautiana kwa takriban nm 15 kwenye kitundu kile kile. Chagua ukingo mmoja (tunapendekeza katikati ya mstari mweusi, kwa sababu hauhami sana picha ikiwa na ukungu), ueleze kwa sentensi moja, na wapimaji wote waufuate. Kabla ya kuanza, wapimaji wawili wapime picha zile zile 20 bila kuonyeshana. Wakitofautiana kwa zaidi ya nm 3 kwa wastani, rudini mkubaliane upya kuhusu ukingo.

Wapimaji pia wasijue picha ipi ni ya kundi lipi. Badilisha majina ya mafaili kwanza.

Kwa nini kila mtu anatumia mayai ya chura?

Kwa sababu kiini chake ni kikubwa kiasi cha kushikika. Yai changa la *Xenopus laevis*, chura ambaye asili yake ni kusini mwa Afrika, lina upana wa milimita 1.2 na zaidi likikomaa, na kiini chake ni kama milimita 0.4. Unakiona kwa macho. Utando wake umesongamana vitundu, kama 50 au zaidi kwa kila mikromita ya mraba, hivyo picha moja inakupa mamia. Hata H. G. Callan na S. G. Tomlin, waliovionyesha vitundu hivi mwaka 1950 kwa hadubini ya elektroni, walitumia mayai ya amfibia.

Namna ya kukitoa: weka yai kwenye bafa yenye KCl 83 mM, NaCl 17 mM na HEPES 10 mM, pH 7.2 hadi 7.5. Toboa nusu ya rangi nyeusi kwa koleo zenye ncha kali, bana polepole upande wa chini, kiini kitachomoza kama tone angavu. Kivute kwa pipeti ya kioo ambayo mdomo wake ni mpana kuliko kiini, kitoe na kukivuta mara kadhaa hadi chembe za chakula cha yai zilizokigandia zibanduke, kihamishie kwenye gridi au kioo kilichopakwa polilisini, kipasue kwa sindano ya kioo na ukitandaze.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kiini kilichotolewa kinaanza kuvimba papo hapo, kwa sababu molekuli kubwa zilizokizunguka ndani ya yai, ambazo zilikuwa zikizuia maji yasiingie, hazipo tena. Kuongeza polivinilipirolidoni asilimia 1.5 kwenye bafa huzuia uvimbe huo. Bila hiyo, kiini cha dakika moja na kiini cha dakika kumi si sampuli moja. Ukiona uso wa utando umekaza na kung'aa kama puto, kiache, toa kingine. Weka saa mezani na uandike muda wa kila kiini tangu kutoka hadi kukazwa kwa glutaraldehaidi.

Upande uliolala juu pia una maana. Upande wa sitoplazimu unaonyesha pete iliyo wazi. Upande wa ndani una nyuzi nane zilizoungana kama kikapu na hufunika mfereji. Usichanganye pande mbili kwenye jedwali moja.

Hadubini ya nguvu ya atomu inanipa mashimo madogo mno. Tatizo nini?

Ncha. Ncha yenye nusu kipenyo cha nm 10 haiwezi kushuka hadi chini ya shimo la nm 40 bila kugusa kuta, hivyo shimo linaonekana jembamba na la kina kifupi kuliko lilivyo. Pima umbali kutoka kilele cha ukingo mmoja hadi kilele cha ukingo wa pili. Vilele havihamishwi sana na unene wa ncha, ilhali upana wa shimo huathirika moja kwa moja. Kina cha shimo usikiripoti kama kipimo cha kitundu. Pima ndani ya kimiminika, kwa nguvu ndogo kadiri chombo kinavyoruhusu, na ukiona kitundu kile kile kimebadilika kwenye picha ya pili na ya tatu, unakisukuma.

Na hadubini ya kumulika uso?

Nzuri kwa kuhesabu, si nzuri kwa kipimo kamili. Kukausha kunasinyaza sampuli, na tabaka la kromiamu la nm 2 linapunguza tundu kwa nm 4, kwa kuwa linakaa pande zote mbili. Linganisha makundi yaliyokaushwa pamoja tu.

Hadubini za mwanga za uono mkali hazitoshi?

Zinatosha kwa jambo moja: mahali protini fulani ilipo. Nukleoporini iitwayo Nup96, kwenye seli za binadamu za maabara aina ya U2OS, hutoa pete ya nm 107, imara kiasi kwamba maabara huitumia kuhakiki hadubini zao. Nukleoporini nyingine, Gp210, hutoa pete ya nm 164 hivi, kwa sababu sehemu yake kubwa iko nje ya tundu, kati ya tando mbili. Hakuna kati ya hizo ambayo ni kipenyo cha mfereji. Kumbuka pia kingamwili ya kwanza na ya pili zinaweza kuisogeza rangi hadi nm 15 au 20 kutoka kwenye protini yenyewe; nanobodi (kingamwili ndogo sana) hupunguza hilo hadi nm 3 au 4.

Tomografia kwenye barafu inapimaje?

Seli hugandishwa ghafla bila fuwele za barafu, huchongwa kwa boriti ya ayoni hadi kibaki kipande cha nm 100 hadi 200, kisha hupigwa picha kikiinamishwa kutoka nyuzi −60 hadi +60. Kila kitundu kina nguzo nane. Unatafuta kitovu cha kila nguzo, unapima umbali kati ya nguzo zinazotazamana, unapata vipenyo vinne kwa kitundu kimoja. Vikikaribiana, kitundu ni mviringo. Viwili vikiwa virefu na viwili vifupi, kimevutwa upande mmoja, na wastani pekee ungekuficha hilo.

Angalia: ukichanganya vitundu vyote kupata umbo moja la wastani, vilivyobana na vilivyotanuka vitatoa umbo la katikati ambalo huenda halipo kwenye seli hata moja. Gawa kwa kipenyo kwanza, ndipo uchukue wastani wa kila kundi.

Nina hadubini ya fluoresensi tu. Nipime upenyezaji vipi?

Anza na seli za HeLa (seli za binadamu zinazokuzwa maabara) kwenye kioo. Suuza kwa bafa yenye HEPES 20 mM, potasiamu asetati 110 mM, magnesiamu asetati 2 mM na EGTA 0.5 mM, pH 7.3. Tia digitonini mikrogramu 40 kwa mililita, dakika 5 kwenye barafu. Digitonini hushika kolesteroli, nayo iko tele kwenye utando wa nje wa seli na haba kwenye utando wa kiini, ndiyo maana wa kwanza hutoboka na wa pili husalimika. Suuza, tia dekstrani yenye rangi kwa mikrogramu 100 hadi 500 kwa mililita, subiri dakika 10 hadi 15, piga picha katikati ya kiini bila kusuuza. Gawanya mwanga wa ndani ya kiini kwa mwanga wa nje.

Tumia saizi kadhaa. Nusu kipenyo cha dekstrani majini ni takriban nm 2.3 kwa kilodaltoni 10, nm 4.5 kwa 40, nm 6 kwa 70. Ya 10 iingie upesi; ya 70 ibaki nje, kiini kionekane cheusi. Kama ya 70 inaingia, utando wa kiini umeraruka na sahani hiyo haina kipimo: punguza digitonini au muda. Kila chupa mpya ya digitonini ijaribiwe upya, kwani nguvu hutofautiana.

Dekstrani ya 70 inaingia kidogo kwenye kila kiini, hata nikipunguza digitonini.

Huenda si dekstrani. Rangi iliyojitenga na dekstrani ina daltoni mia chache tu na hupita bila kizuizi. Pitisha dekstrani kwenye safu ya kuchuja au uifanyie dayalisisi usiku mzima kabla ya kutumia. Pia "70" ni wastani. Ndani ya chupa mna minyororo mifupi.

Kwa hiyo kikomo ni kilodaltoni 40?

Hakuna ukuta hapo. Kasi ya kupenya hupungua taratibu kadiri molekuli inavyokua, kwa hiyo kinachoonekana "kimezuiwa" baada ya dakika 10 kinaweza kuwa kimeingia baada ya saa kadhaa. Taja muda kila unapotaja kikomo. Na usigeuze kilodaltoni za dekstrani kuwa za protini: albumini ya kilodaltoni 66 ina nusu kipenyo cha nm 3.5, ndogo kuliko dekstrani ya 40.

Nipime vitundu vingapi?

Kama 100 kwa kila kundi, kutoka maandalizi yasiyopungua matatu yaliyofanywa siku tofauti. Vitundu 300 vya kiini kimoja ni sampuli moja, kwa sababu vyote vilipata bafa ile ile na mvuto ule ule wa utando. Chukua wastani wa kila kiini, kisha fanya takwimu kwa wastani hizo.

Niandike nini kwenye ripoti ili mwingine aweze kulinganisha?

Aina ya seli, kama kiini kilikuwa ndani ya seli au kimetengwa, osmolariti ya bafa, muda kabla ya kukazwa, unene wa kipande, ukubwa wa pikseli na jinsi ulivyohakiki, ukingo uliopimwa, idadi ya vitundu, viini na maandalizi, wastani na mtawanyiko. Weka na picha moja ghafi yenye alama ya mahali ulipoanzia na ulipoishia kupima.